Tausi hakufa

Minneapolis, Jumapili 9 Februari 2025

Kaka Rajabu,

Assalaam alaykum. Natumai nyote hamjambo, presha ya Mama imetulia, Shangazi amesharudi kutoka Korogwe, na goti lako limekuruhusu kupanda baiskeli tena. Mimi huku sijambo. Baridi ipo, kazi ipo, zamu za usiku zimerudi. Tuyaache hayo.

Ama baada ya salamu, hela ya bati nimetuma Ijumaa. Nimeipitisha kwenye simu ya Zuhura, si yako, na sababu unaijua. Hela ya tangi la maji niliituma, tangi sijaliona hata kwenye picha. Ninachoonyeshwa ni msingi wa fremu ya duka. Sisemi zaidi. Fundi anunue geji 28, asituletee yale mabati mepesi yanayokunjika kusi ikianza kuvuma. Chenji ikibaki ni ya miwani ya Mama. Ya hela yameisha.

Lakini bati peke yake lisingenitoa kitandani siku yangu ya mapumziko nikakaa kuandika kwa mkono, na vidole vyenyewe siku hizi vinagoma. Rama amenitumia sauti. Anasema mlipokuwa mnashusha vitu vya darini ili fundi apime, limeonekana boksi jekundu ndani ya sanduku la Mjomba, lile la Dungeons & Dragons, mchezo wetu wa kutunga hadithi kwa dadu, na karatasi zote zimo, panya hawakuzigusa. Yeye na wenzake wameshaanza kucheza. Akaikuta karatasi ya Tausi, mtu wangu wa mchezoni, akaipenda, akakuomba amchezeshe. Nawe nyuma yake nikakusikia kwa masikio yangu: "Huyo alikufa. Sindano ya sumu." Ukaendelea kunywa chai, maana kijiko nilikisikia.

Kaka, Tausi hakufa.

Cheka. Najua utacheka, utasema mwanamke mzima, nywele zina mvi, anagombania mtu wa karatasi. Wewe ndiye uliyetoa hukumu mbele ya mtoto, na mtoto kaniletea rufaa. Barua hii mpe Rama aisome yote, hata pale utakapotamani kuikunja.

Rama mwanangu, kwanza ujue boksi hilo si la baba yako. Mjomba Athumani alishuka nalo melini mwaka 1992. Alilinunua Hamburg akidhani ni mchezo wa kawaida wa watoto, wa kusogeza vikete ubaoni. Alilivuta kutoka kwenye begi akasema, "La Mwanaidi na Rajabu." Mimi nilitajwa kwanza. Bibi yako yupo, muulize. Mwaka wa pili wake baba yako akaandika jina lake ndani ya kifuniko kwa kalamu ya wino usiofutika, na mpaka leo ukimuuliza anasema aliandika ili lisipotee.

Tulipolifungua hapakuwa na ubao wala vikete. Kulikuwa na vitabu viwili, cha wachezaji kurasa 64 na cha mwendesha mchezo kurasa 48, vyote Kiingereza. Kulikuwa na dadu sita za plastiki, kila moja na pande zake: nne, sita, nane, kumi, kumi na mbili, ishirini. Na kipande cha kalamu ya nta, kwa sababu dadu za wakati ule zilitoka kiwandani namba zake hazina rangi, unazipaka nta mwenyewe kisha unafuta ya juu, ibaki ile iliyoingia kwenye mifereji. Hiyo nta iweke akilini, nitaihitaji mbele.

Wewe Kaka ulikuwa kidato cha nne, Kiingereza chako ndicho kilichokuwa kinasimama chenyewe, ukakinyakua kitabu cha mwendesha mchezo ukajipa cheo cha Mzee wa Pango. Sisi tukawa wachezaji: mimi, Salimu, Mwajuma wa nyumba ya pili, na Hemedi ambaye alikuja kwa sababu Mwajuma yupo. Kile chumba cha uani, mkeka, kibatari, mgao wa umeme umetukalia kooni. Mkaniambia nirushe dadu.

Nguvu 6. Akili 13. Busara 8. Wepesi 16. Afya 9. Mvuto 15.

Nazikumbuka zote kwa mpangilio wake. Sheria ya boksi lile ilikuwa dadu tatu za sita kwa kila sifa, na kwetu sisi kilichoanguka ndicho chako, hakuna kuhamisha. Dadu ya sita tulikuwa nayo moja, kwa hiyo mara tatu, mara tatu, mpaka mkono ukachoka. Ile sita ya nguvu mliicheka mpaka Mama akagonga ukuta. Salimu alipata nguvu 17, akawa askari. Mwajuma akachukua uchawi, Hemedi akawa mtu wa dini, jambo lililowachekesha wote waliomjua Hemedi. Mimi nikabakiziwa mwizi. Mwizi anapata uhai wake kwa dadu ndogo kuliko zote, ile ya pande nne. Ikaangukia 3. Kuku mwenye vifaranga angeweza kunimaliza.

Halafu Bibi akasikia. Kwa nini mjukuu wake awe mwizi, hata kwa mchezo? Na dadu hizo si kamari? Mjomba akamweleza pale barazani kwamba hakuna anayeweka pesa wala anayekula ya mwenziwe, ni hadithi tu, dadu zinaamua nani kajikwaa. Bibi akafikiri, akatema tambuu, akasema, "Basi na awaibie madhalimu. Na akimwibia masikini kwa bahati mbaya, arudishe." Mnakumbuka tulivyocheka? Mimi nililichukua lile neno nikaliandika nyuma ya karatasi. Rama, geuza karatasi ya Tausi. Ile orodha ndefu kwa penseli ni madeni yake: amemchukulia nani, nini, na atarudisha lini. Yaliyokatwa mstari amelipa. Kuna mwuza mafuta wa taa pale chini kabisa hajalipwa bado, sarafu mbili za fedha.

Jina la Tongoni lilitokana na safari ya darasa letu. Wiki ile tulikuwa tumepelekwa kuona magofu, ule msikiti uliobaki kuta na makaburi yenye nguzo, na mwalimu akatuacha tuzunguke wenyewe huku yeye anakula machungwa. Nikasema mtu wangu kazaliwa pale, analala msikitini penye mihrabu iliyobaki, anajua kila jiwe linalocheza. Tausi wa Tongoni. Hakuwa mzuri wa sura zaidi ya wengine, usimchore na macho makubwa. Alikuwa mfupi, anatembea pekupeku, kamba futi 50 begani, na kabla hajafungua mlango wowote anaweka sikio.

Hilo la sikio ndilo nililompendea kuliko yote. Daraja la kwanza mwizi ana asilimia 30 tu ya kusikia kilicho ng'ambo. Nyinyi mlikuwa mnataka kuvunja. Salimu tayari keshainua shoka, Mwajuma anataka kuchoma, na Tausi anasema ngojeni. Mara saba katika kumi hasikii kitu. Hata hivyo mlizoea kunyamaza na kungoja, wote watatu, na Mzee wa Pango mwenyewe kalamu juu, mnamngoja Tausi atasema nini. Mimi, ambaye mezani nilikuwa wa kuambiwa Mwanaidi sogeza sahani, Mwanaidi wakubwa wanaongea. Nimelitumia sikio hilo huku ughaibuni kwenye milango mingi, ya ofisi na ya wenye nyumba, na limenifaa kuliko cheti chochote.

Kaka, sifa yako nayo nakupa, usiseme nakuonea. Pango ulilichora vizuri. Kila mtu alijua ni Amboni tupu, yale mawe ya chokaa yaliyochongwa na maji, kile chumba watu wanakoacha sadaka za mzimu, ile njia nyembamba ambayo Mjomba alikuwa akituapia inatokea Mombasa. Ukamweka mlangoni mzee mmoja mwenye bunduki anayewaficha waliokimbia dhuluma, hukumtaja jina lakini Salimu akasema papo hapo, "Huyu ni Osale Otango," yule mwasi wa zama za Mwingereza anayesimuliwa kujificha Amboni, na hukukanusha. Vitabu vya Mjomba vilikuwa na ngome za Ulaya na theluji. Wewe ulitoa theluji ukaweka popo. Siku hizi huku nikiwaeleza wanadhani mwenzangu huyo alikuwa mtunzi wa vitabu.

Sasa joka. Rama, hapa kaa vizuri.

Lilikuwa joka jeusi, la kutema tindikali. Kwenye sheria zile pumzi ya joka inadhuru kwa kiasi cha uhai ambao joka lenyewe limebaki nao, maana yake ukilikuta zima, mtemo mmoja unatumaliza wote na kumwaga uji wa kesho. Lakini linaweza kutema mara tatu tu kwa siku. Wenzangu walikwama kwenye nusu ya kwanza. Tausi, mwenye uhai 6 wakati ule, alikwama kwenye nusu ya pili: mara tatu. Nikawaambia, basi tulitemeshe mara tatu hewani.

Tulibishana siku nzima namna ya kufanya. Usiku tumezunguka kibatari, tunapigizana kelele, mara tunaona kivuli dirishani. Baba. Tukajua yameisha, boksi linakwenda jikoni. Alikuwa ametoka kwenye hesabu zake za mkonge, shati bado limechomekwa. Akasimama pale nje muda mrefu, halafu akauliza, "Hilo joka mnalipiga kwa mapanga?" Hakuna aliyejibu. Akasema Waingereza walipotua Tanga Novemba 1914 walikuwa na meli za vita na maelfu ya askari kutoka India, wengi mno kuliko askari wa Mjerumani Von Lettow-Vorbeck, na risasi zilipoanza kulia kwenye mashamba zikavuruga mizinga ya nyuki, nyuki wakatoka, wasiulize nani Mwingereza nani Mjerumani, na waliokuwa wanashambulia ndio waliokimbia. Babu yake alikuwepo, alivimba jicho. Baada ya hapo akaenda kulala. Hakuwahi kutuambia hadithi ndefu hivyo, wala kabla wala baada.

Mtemo wa kwanza Tausi aliupata kwa mwangwi. Alipanda ukuta, asilimia 88, akaingiza kichwa kwenye tundu la juu akalitukana joka kwa mama yake, sauti ikatokea upande wa pili wa ukumbi, joka likatema upande wa pili. Mtemo wa pili, kanzu ya Hemedi iliyojazwa usumba, juu ya mti, Salimu akaichezesha mlangoni. Hemedi alidai kanzu yake mpaka mchezo ulipokwisha. Imo kwenye orodha ya madeni, imekatwa mstari. Mtemo wa tatu, Tausi akateremsha mzinga wa gogo kwa ile kamba ya futi 50 kutoka darini mwa pango, akaukata.

Na hapo Kaka, kitabu chako kikaishiwa. Ulifunua, ukarudi nyuma, ukafunua tena, jasho linakutoka. Ukauliza, "Nyuki wangapi?"

Nikasema, "Wote."

Salimu aliruka akapiga kichwa kwenye boriti. Joka likawatemea nyuki, likawaua wengi, wasitoshe, waliobaki wakaingia machoni, na ndipo askari wa nguvu 17 alipopita mlangoni bila kuungua hata ukucha. Mlilimaliza nyinyi, sikatai. Tausi alikuwa bado ananing'inia juu. Ikaja hazina, na wewe Mzee wa Pango ukataka kumpunguzia fungu kwa kuwa hakupiga hata pigo moja. Sauti ikatoka chumba cha pili, gizani, ya Baba, tulidhani amelala: "Mpeni msichana sehemu yake." Ilitoka sawasawa, nne kwa nne, na kwa kuwa sarafu moja ya dhahabu ilikuwa alama moja, Tausi akavuka 2,400 akaingia daraja la tatu.

Nimeisimulia hiyo hapa Minneapolis. Ujue niko wapi: huyu Dave Arneson, mmoja wa wawili walioutunga mchezo huu, alikuwa mtu wa hapahapa, alikuwa akiwachezesha rafiki zake kabla haujachapwa. Mwenzake, Gary Gygax, alikuwa Lake Geneva, mji mdogo wa kando ya ziwa jimbo la jirani, Wisconsin. Wakautoa mwaka 1974, nakala elfu moja za mwanzo. Nimekwenda Lake Geneva, mwendo wa saa tano kwa gari, gari langu mwenyewe. Nyumba ya zamani ya kampuni iliyouchapa nilikuta imefanywa makumbusho. Nikaingia, nikaliona boksi jekundu ndani ya kioo, lile la 1983 lenye picha ya mpiganaji na joka jekundu, limewekewa taa, na mlinzi ananiambia usiguse. Nikamwambia kwetu Ngamiani tulikuwa tunawekea kibatari juu yake. Hakuamini. Kwa hiyo usije ukamwuzia mzungu wa Raskazoni kwa bei ya soda, sikia.

Na Jumamosi ambazo sina zamu nakaa na watu maktaba ya mtaani kwetu, tunacheza. Vijana, mmoja anafanya kazi benki, mwingine ana ndevu mpaka kifuani. Nilipofika mara ya kwanza walinieleza polepole dadu ni nini. Nikawaacha wamalize. Toleo wanalocheza wao ni la mwaka 2014, lililorekebishwa 2024, na humo mtu akiishiwa uhai hafi papo hapo. Anarusha dadu ya ishirini: kumi kwenda juu ni heri, chini ya kumi ni shari, shari tatu ndipo anakufa, heri tatu anabaki. Nikawaambia kwetu ilikuwa sifuri ni sanda. Nikawasimulia nyuki. Nilipofika kwenye "wote", yule wa ndevu alisimama. Sasa wananiita Bibi Nyuki, na mtu mgeni akija wananiomba nirudie, nami narudia, na kila mara nikirudia nafika kwenye sauti ya Baba kutoka gizani nashindwa kuifasiri. Nasema tu "baba yangu akakubali", napita.

Chumba chao kina joto, kina taa, kuna biskuti za pakiti. Wanamaliza saa tatu kamili kila mtu anavaa koti. Hakuna wa kumwambia mwenziwe kesho njoo na kachori.

Turudi kwenye kesi.

Usiku wa mwisho. Wewe kesho yake unapanda basi kwenda Arusha chuoni, begi limefungwa, Mama analia jikoni anasingizia vitunguu. Tumefika chumba cha mwisho, kuna kasha. Tausi anasema anatafuta mtego. Kosa lako la kwanza liko hapa: kwa kitabu, dadu ya kutafuta mtego anairusha Mzee wa Pango, kwa siri, ili mchezaji asijue kama hakuna mtego au hakuuona. Wewe ulinirushisha mimi, mbele ya watu. Nilihitaji 20 kwa mia, sikupata. Haya, hilo nalimeza. Akafungua, sindano ikamchoma. Sumu. Mwizi wa daraja la tatu dhidi ya sumu anahitaji 13 au zaidi kwenye dadu ya ishirini. Nikarusha.

Mafuta ya kibatari yalikuwa yanaisha, Salimu amekishika. Dadu ikabingirika mpaka ukingo wa mkeka. Ukainama, ukasema "Tatu," ukaiokota. Uliiokota, Kaka! Hata hatujasogea. Mimi niliona kumi na tatu. Salimu, aliyekuwa na taa mkononi, naye akasema kumi na tatu, ukamwambia ananitetea. Mwajuma alikuwa anamtazama Hemedi, huyo si shahidi. Ukachukua kalamu nyekundu ukapiga mstari juu ya jina.

Rama, itafute ile dadu ya ishirini. Nenda nayo uani, mchana. Tafuta upande wa 13. Utaona namba 3 ina nta na namba 1 haina, imebaki mfereji mtupu, kwa sababu mimi ndiye niliyezipaka na nta ilinikatikia pale. Usiku, kwa kibatari, kumi na tatu ya dadu hiyo inasomeka tatu. Mtu mwenye haraka ya kuondoka ataisoma tatu. Kaka, hukuwa unamchukia Tausi, hilo nalijua. Ulitaka kila kitu kiwe kimefungwa kabla hujapanda basi, pasibaki mtu anayeendelea kucheza bila wewe. Ndiyo tabia yako, ndivyo ulivyofanya na shamba la Muheza, michungwa bado ina matunda ukaharakisha kuuza eti lisije likaleta maneno. Likaleta.

Salimu, Mungu amrehemu, mara ya mwisho tuliyozungumza kwenye simu, kabla ya yale ya Segera, tulikuwa tunaongea habari za gari lake. Tukaagana. Halafu akasema, "Idi, lakini ilikuwa kumi na tatu." Akacheka, akakata. Sikukwambia wakati ule kwa sababu watu walikuwa msibani.

Kwa hiyo yangu ni haya, na Rama ndiye hakimu. Kama mnakubali maneno ya Salimu, Tausi yuko hai, amepiga magoti mbele ya kasha, mkono umevimba, sumu imemshinda nguvu lakini hakufa. Mwendelee hapo. Kama baba yako atashikilia tatu yake, basi dadu isiyosomeka inarushwa tena, na hilo hata kwenye bao na karata watu wanalijua. Muipake nta kwanza. Rama arushe, kwenye sakafu wala si kwenye mkeka, mchana, na Mama awepo na miwani yake mipya. Rajabu asiguse dadu mpaka kila mtu ameiona.

Na akiwa hai, Rama, namkabidhi kwako, lakini usimpeleke mbele kwenye mapigano, ana nguvu 6, hajaongezeka hata moja. Kamba asiiache. Mlangoni asikilize hata kama wenzako wanakucheka. Mwuza mafuta wa taa alipwe sarafu zake mbili kabla hajaingia pango jingine lolote. Na baba yako mrudishe awe Mzee wa Pango, msimwache anakaa peke yake na televisheni; sauti yake ya joka hakuna aliyeiweza, hata hawa wa maktaba hawaiwezi. Atakataa mara mbili. Ya tatu atauliza vitabu viko wapi.

Mama mwambie nitapiga Jumatano asubuhi ya huko, asiende kliniki mapema. Mwajuma nisalimie, na Hemedi wake, na watoto wao wote. Shangazi mwambie khanga zimefika kwa yule anayesafiri, atazikuta kwa Zuhura.

Matokeo nitumiwe na Rama, kwa picha, dadu ikiwa bado iko chini.

Ni mimi mdogo wako,
Mwanaidi